Mizani ya Babu

Kaka amepiga simu jioni hii kutoka Dar. Anasema Desemba, ukoo ukikutana kihambani, kwenye shamba letu la urithi, nyumba ya babu ibomolewe, ijengwe ya kisasa. Nikamwambia aniachie nifikiri. Sasa nimekaa hapa Moshi mjini, chai imepoa mbele yangu, na ninayoiwaza ni nyumba nyingine kabisa, iliyoko Kolkata.

Nilipokuwa nasoma India, mwenzangu wa bweni, Mbengali, alinipeleka Jorasanko, nyumba ya ukoo wa Rabindranath Tagore. Ni jumba kubwa jekundu lenye ua katikati. Alizaliwa humo mwaka 1861, na mwaka 1913 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi, wa kwanza asiye mtu wa Ulaya. Siku hizi pana chuo kikuu na makumbusho. Viatu mnaviacha nje.

Ila kilichonishika ni chumba alichofia. Julai 1941, akiwa mgonjwa sana, aliletwa kutoka Santiniketan apasuliwe. Upasuaji ukafanyiwa hapohapo nyumbani, barazani. Asubuhi ya siku ile, tarehe 30, alitamka shairi lake la mwisho, mtu mwingine akaliandika. Agosti 7 akafariki. Mwenzangu alisimama mlangoni akaanza kuimba taratibu wimbo wa Tagore aliofundishwa na mama yake, na mzee mmoja tusiyemjua akaupokea. Machozi yalinitoka, na Kibengali sikijui.

Chuo kile kilianzishwa 1962, mwaka uleule tuliompoteza Shaaban Robert. Nafundisha mashairi yake kila muhula, na Vibambani kule Tanga alikozaliwa sijafika. Hilo linaniuma.

Babu hakuwa malenga wa kujulikana. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Mchana alipima kahawa ya watu, usiku akapima maneno: mizani nane, kituo, mizani nane tena, akizihesabu kwa kugonga vidole mezani. Aliandika nyuma ya stakabadhi za kahawa. Sisi wajukuu tulilala chumba cha pili, tukivisikia vile vidole. Neno likizidi, vinanyamaza. Akilipata jingine, vinaanza upya, hadi chemli inaishiwa mafuta.

Kaka ana haki. Paa linavuja, mchwa wamekula nguzo, na shangazi anayeishi pale amechoka kutoka nje usiku kwenda chooni. Nyumba ijengwe.

Nimempigia tena. Nimemwomba chumba kile kimoja kisiguswe, na meza ibaki pale dirishani, inapotazama kaburi la babu migombani. Wengine wajenge kukizunguka.

Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Dada, zile stakabadhi anazo nani?"

Anazo shangazi, kwenye sanduku la bati. Jumamosi napanda kuzifuata.