Virusi wanaolala ndani ya bakteria

Jamani kijiko kimoja tu cha maji ya ziwa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, kina virusi wengi kuliko watu wa jiji letu zima, na wengi wao hawana habari na sisi, wanawinda bakteria, wanaitwa faji.

Sasa kuna faji anaitwa lamda, huyu akiingia ndani ya bakteria aina ya E. coli ana njia mbili, ama ajizalishe fasta aipasue bakteria, ama ajichomeke kwenye DNA yake atulie kama mpangaji, bakteria ikigawanyika na yeye anarithishwa humohumo. Kinachomtuliza ni protini moja tu, CI, inazima jeni zake za kuua. Lakini DNA ya bakteria ikiumia, mfano kwa mionzi ya UV, protini nyingine ya bakteria, RecA, inaifanya CI ijikate yenyewe, basi faji kaamka, ni kuzaliana na kupasua. Mtafiti André Lwoff na wenzake kule Paris waliona mionzi ya UV ikiamsha faji tangu 1950!

Na sisi wa kanda ya ziwa inatuhusu sana, maana jeni za sumu ya kipindupindu zililetwa kwenye bakteria na faji aliyejichomeka hivyohivyo, watafiti Waldor na Mekalanos walionyesha 1996.

Halafu sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) nayo inaumiza DNA ya bakteria, inaweza kuwaamsha faji waliolala wakapeleka jeni za sumu kwa bakteria wengine, kwa hiyo naombeni sana tusiinunue kiholela dukani bila cheti cha daktari.