Makungwi wa protini na dampo la mbali

Chukua chipsi mayai. Ute ukigusa kikaango unaganda, na hata ukiupoza haurudi ulivyokuwa. Asidi amino, vipande vinavyounda protini ya ute, ni zilezile, kilichoharibika ni mkunjo: sehemu zinazochukia maji, ambazo hukaa zimefichwa ndani, zimetoka nje zikanatana. Kwenye seli ya ubongo hilo hutokea bila moto, kidogo kidogo, kwa miaka.

Seli ina chaperoni, protini zinazosaidia nyingine zijikunje vizuri. Mimi naziita makungwi. Maarufu ni Hsp70. Hudaka protini changa, hufunika sehemu zile zenye kunata, kisha huiachia ijikunje. Ikikosea, inadakwa tena. Kila mzunguko hula ATP, molekuli ya nishati ya seli, kwa hiyo seli yenye nishati haba huanza kushindwa hapa.

Iliyoshindikana hubandikwa ubikwitini, kijiprotini cha asidi amino 76. Mnyororo wa ubikwitini nne kwa kawaida unatosha kuipeleka kwenye proteasomu, pipa la kukatakata. Tundu lake ni jembamba mno: protini sharti inyooshwe ipite kama uzi kwenye sindano. Bonge halinyooki, basi haliingii. Hilo huachiwa otofaji: utando unalizunguka, unalibeba hadi kwenye lisosomu, kifuko cha kusagia chenye asidi ya pH kama 4.5 hadi 5. Yoshinori Ohsumi alipata Nobel ya 2016 kwa kuichambua njia hii kwenye hamira.

Umri ukienda, njia zote hizi hupungua kasi. Seli ya ngozi hugawanyika, ikagawana uchafu na hatimaye kubanduka. Seli ya neva haigawanyiki. Tena mkia wake unaweza kufika mita 1, na mifuko mingi ya taka huundwa ncha ya mbali, ikasafiri mpaka kwenye mwili wa seli ndipo isagwe vizuri. Ni taka za Bunju, Dar es Salaam, kungoja gari la kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Foleni ikikaza, mtaa unanuka.

Protini inayorundikana hutofautiana kwa ugonjwa wa ubongo: tau na beta-amiloidi kwa Alzheimer, alfa-sinukleini kwa Parkinson. Huntington, ugonjwa wa kurithi, ina hesabu kabisa: herufi za DNA, CAG, zikijirudia mara 40 au zaidi kwenye jeni husika, ugonjwa huja mtu akiishi umri wa kutosha, zikijirudia mara 36 hadi 39, huenda ukaja, huenda usije.

Na zile poda za protini za madukani? Tumbo na utumbo huzivunja kuwa asidi amino. Hazipeleki kungwi hata mmoja ubongoni.