Kumbukumbu ya mradi wangu: gemu zifike nzima, na nauli isile bei

Lengo la mradi huu ni moja: kila gemu ya video ninayouza imfikie mnunuzi ikiwa kama alivyoiona kwenye picha, na gharama ya kuituma isiifanye biashara yote kuwa kazi bure. Gemu zilizotumika ni vitu vyepesi vyenye faida nyembamba. Ukiifunga moja kwenye boksi kubwa kwa ajili ya usalama, nauli inapita thamani yake. Ukiitia kwenye bahasha tupu ili kubana matumizi, kava linafika limepasuka na unarudisha hela ya watu. Nimeamua kutengeneza vifungashio vyangu mwenyewe, kimoja kwa kila ukubwa wa gemu, kwa kutumia kadibodi za maboksi yaliyomaliza kazi, na hapa ninaandika nilipofika.

Rula kwanza, mizani baadaye

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima makava yote niliyonayo. Kava la saizi ya DVD, yaani la gemu za mashine za PlayStation 2, GameCube, Wii na Xbox 360, lina urefu wa sm 19, upana sm 13.5 na unene wa mm 14 hivi. La PlayStation 3 kuja juu ni fupi kidogo, kama sm 17, upana uleule. La Switch ni jembamba zaidi: sm 17 kwa 10.5, unene unakaribia sm 1. Kava la kawaida la CD, la gemu za PlayStation ya kwanza, ni sm 14.2 kwa 12.5, unene sm 1.

Unene ndio unaoamua nauli kuliko watu wanavyodhani. Posta nyingi zina daraja la barua kubwa lenye kikomo cha unene, na ukikivuka, hata kwa milimita chache, kitu kilekile chenye uzito uleule kinahesabiwa kuwa kifurushi na nauli inapanda. Uingereza, kwa mfano, kikomo cha barua kubwa ni sm 2.5. Sasa piga hesabu: kava la DVD ni mm 14, kadibodi ya kawaida ya tabaka moja ni mm 3 au 4. Kadibodi juu na kadibodi chini, jumla inakuwa kati ya mm 20 na 22. Unabaki na nafasi ya mfuko wa plastiki, karatasi ya nje na selotepu, na bado upo ndani ya sm 2.5. Nilipoiona hesabu hiyo ndipo nikajua mradi unawezekana.

Bahasha yenye viputo peke yake haitoshi. Viputo vinapunguza mshtuko, ila havizuii kitu kukunjwa wala kukandamizwa, na njiani gemu hukaa chini ya mizigo ya watu wengine kwa muda mrefu kuliko inavyoanguka. Kinachohitajika kwanza ni ugumu, ulaini unafuata.

Ndani ya kava

Hapa ndipo ninapotaka kila muuzaji atulie. Gemu nyingi za diski zinaharibikia ndani ya kava lake lenyewe. Diski inachomoka kwenye kishikizo cha katikati, inachezacheza njia nzima, na inafika na michubuko ambayo haikuwepo. Hakuna ufungaji wa nje unaoweza kuzuia hilo.

Kwa hiyo kabla sijagusa kadibodi nafungua kava na kukagua meno ya kishikizo, jino moja moja. Makava ya CD ndiyo dhaifu zaidi: yana duara la vijino vyembamba vinavyokatika hata kwa kutoa diski kwa haraka. Kikikatika kimoja, diski bado inashika. Vikikatika vitatu vinne, nalifunga kava, naligeuza juu chini na kulitikisa taratibu karibu na sikio. Nikisikia mlio wowote, diski haisafiri humo. Naitia kwenye mfuko wake wa karatasi laini, naulaza chini ya kava, ndani ya kadibodi, na namwandikia mnunuzi kikaratasi ili asidhani kava limekuja tupu. Vile vipande vya meno lazima vitolewe vyote, kwa sababu kipande kimoja cha plastiki kikibaki ndani kinakwangua kama mchanga.

Inasaidia kujua upande upi wa diski ni wa kuogopea. Diski zote hizi zina unene wa mm 1.2 na kipenyo cha sm 12, isipokuwa za GameCube ambazo ni sm 8. Tofauti ipo pale data ilipolala. Kwenye CD tabaka la data liko juu kabisa, chini tu ya picha na maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa kina upande wa picha unaua gemu moja kwa moja. Kwenye DVD liko katikati, mm 0.6 ndani, ndiyo maana DVD iliyochubuka chini mara nyingi inaweza kung'arishwa ikasoma tena. Kwenye Blu-ray, yaani diski za PlayStation 3 kuja juu, liko mm 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, likilindwa na utando mgumu. Utando huo unahimili mengi, lakini mkwaruzo ukishaupenya hakuna pa kung'arisha. Basi kwa gemu ya PlayStation ya kwanza sibandiki kitu chochote upande wa picha, hata kikaratasi cha bei. Gundi yake ikibanduliwa inaweza kuondoka na tabaka lenyewe.

Kadibodi mbili, mifereji ikipishana

Kifungashio nilichofikia kwa gemu za diski ni hiki. Nakata vipande viwili vya kadibodi vinavyozidi kava kwa sm 1.5 kila upande. Kadibodi ya boksi ina mifereji ndani yake, na hukunjika kwa urahisi kufuata mifereji hiyo, lakini inagoma ukiikunja kinyume chake. Kwa hiyo kipande cha juu nakikata mifereji iende kwa urefu, cha chini iende kwa upana. Vikishafungwa pamoja, hakuna upande ambao kifurushi kinakubali kukunjika kirahisi. Kati yake, kwenye ile nafasi ya sm 1.5 kuzunguka kava, nabandika vibanzi vya kadibodi vilivyopangwa hadi vilingane na unene wa kava. Vinakuwa fremu. Kava halitelezi, na kona zikigongwa inayobonyea ni fremu.

Kava lenyewe linaingia kwanza kwenye mfuko mwepesi wa plastiki, kwa ajili ya mvua. Selotepu haigusi kava wala lebo yake hata mahali pamoja. Nje nafunga karatasi ya kaki, na kadibodi zote hazizidi gramu 50.

Jaribio ni rahisi na mtu yeyote anaweza kulifanya kwa kava tupu lisilo na thamani. Naliangusha likiwa ndani ya kifungashio kutoka usawa wa kifua, kwa kila kona na kila ubavu, kisha naliweka chini ya rundo la vitabu vizito usiku kucha. Asubuhi nafungua na kuangalia bawaba za kava, maana ndizo zinazopasuka kwanza. Kifungashio chenye mifereji inayopishana kimepita. Chenye mifereji inayoelekea upande mmoja kilikunjika katikati chini ya vitabu, ingawa kadibodi ilikuwa ileile.

Jambo jingine dogo ninalolipenda: mwisho wa kila selotepu naukunja kidogo uwe kijimkia cha kuvutia. Mnunuzi mwenye hamu hufungua mzigo kwa kisu, na kisu kinachopenya kadibodi kinamalizia kwenye kava. Akipata mahali pa kuvuta, kisu hakihitajiki. Mmoja aliniandikia, "Kaka, hii nimeifungua kwa mkono mmoja, mtoto nimembeba kwa mwingine," na ujumbe huo ulinifurahisha kuliko malipo yenyewe.

Katriji na maboksi yake

Katriji, yaani gemu iliyo kwenye kasha la plastiki la kuchomeka badala ya diski, yenyewe ni ngumu. Ya Game Boy au ya Nintendo 64 ikiwa peke yake inahitaji tu mfuko safi, viputo mzunguko mmoja na kifungashio kilekile cha kadibodi chenye fremu nene zaidi. Kadi ya Switch ni ndogo kiasi kwamba hatari yake ni kupotea, kwa hiyo ikiuzwa bila kava naibana kwenye kadibodi kabla ya kuitia popote.

Kazi iko kwenye maboksi ya karatasi ngumu: ya Super Nintendo, ya Nintendo 64, ya Game Boy Advance. Kwa mkusanyaji, boksi linaweza kuwa na thamani kuliko gemu yenyewe, na ni jepesi kubonyea kama pakiti ya chai. Kifungashio bapa hakifai hapa, na kwa mzigo wa aina hii sibani nauli. Kwanza naangalia kama trei ya ndani ipo, maana boksi lisilo na kitu ndani linabonyea likiguswa; kama haipo, najaza nafasi kwa karatasi laini bila kulivimbisha. Nalifunga kwa karatasi nyeupe safi, kamwe si gazeti, kwa sababu wino wa gazeti unahamia kwenye boksi likipata unyevu. Kisha viputo, halafu boksi la nje lenye nafasi ya sm 5 kila upande iliyojazwa karatasi ya kaki iliyokunjwakunjwa. Nikilitikisa, kitu kisisogee hata kidogo. Nafasi iliyobaki tupu ndani ya boksi ni hatari kuliko boksi dhaifu.

Konsoli na betri

Konsoli, yaani mashine zenyewe za kuchezea gemu, nimeanza kuzigusa karibuni. Hapa uzito siyo habari yote: kampuni nyingi za usafirishaji zinazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zinagawanya kwa 5000, na kama jibu linazidi uzito wa mizani unalipia hilo jibu. Boksi la sm 40 kwa 30 kwa 20 linahesabiwa kilo 4.8 hata kama ndani mna kilo 3. Kulipunguza boksi hilo sm 5 kwenye kimo kunalishusha hadi kilo 3.6. Ndiyo maana padi (vidhibiti vya mkononi) na nyaya nazipanga ubavuni mwa konsoli, kila kimoja kikiwa kimefungwa peke yake, badala ya kuziweka juu.

Kabla ya kufunga natoa diski kwenye konsoli, nafuta akaunti yangu, na natoa betri za kawaida kwenye padi. Betri za lithiamu ni habari nyingine. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa zenyewe haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Ile iliyo ndani ya Switch au PSP inabaki ndani, kifaa kimezimwa kabisa na vitufe havikandamizwi na kitu. Betri ya akiba haiingii kwenye mzigo wa nje ya nchi. Masharti ya kila posta yanatofautiana, hivyo nauliza dirishani kabla sijafunga.

Makaratasi

Kwa mizigo inayovuka mpaka nafuata vipimo vya Umoja wa Posta Duniani vya paketi ndogo: uzito usizidi kilo 2, jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sm 90, na upande mrefu usizidi sm 60. Gemu chache zinaingia humo bila shida. Fomu ya forodha ni CN22, na thamani ikiwa kubwa ni CN23. Naandika "gemu ya video iliyotumika" na bei halisi. Wapo wanunuzi wanaoomba niandike zawadi au nipunguze bei, na jibu langu ni hapana, kwa upole. Mzigo ukipotea, fidia inafuata thamani iliyoandikwa, na mzigo wenye maelezo ya uongo forodha inaweza kuuzuia.

Namba ya mzigo inasomeka: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi ilikotoka. Ikianza na R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. Ikianza na U, usitarajie kuufuatilia safari nzima, hata kama ina msimbo wa kuskani. Kanuni yangu ni kwamba gemu ambayo nisingeumia kumrudishia mtu hela yake inaweza kwenda bila ufuatiliaji, na iliyo juu ya hapo inakwenda na rejista, na saini ya kupokea.

Picha napiga kabla ya kufunga, na siyo za kava tu. Namba zilizochapwa kwenye duara la ndani la diski zinafanana kwa diski zote zilizotoka kwenye kalibu moja, kwa hiyo hazithibitishi kuwa diski iliyorudishwa ni yangu. Michubuko ndiyo alama ya kipekee. Nailaza diski chini ya taa ya pembeni na kupiga picha mikwaruzo yake yote, pande zote mbili. Picha hizo namtumia mnunuzi kabla mzigo haujaondoka, na ugomvi mwingi unaishia hapo.

Kinachoendelea

Kalibu za kukatia kadibodi zimekamilika kwa saizi tatu: DVD, Blu-ray na Switch. Nimezichora kwenye ubao mwembamba ili nikate kwa kufuata ukingo bila kupima upya. Ya CD bado, kwa sababu makava yale ni ya plastiki kavu inayopasuka na nataka kujaribu sponji nyembamba ya mm 2 upande wa mbele bila kuvuka ule unene wa sm 2.5. Kwa hesabu inaingia: mm 10 za kava, mm 6 za kadibodi, mm 2 za sponji. Nikishaliweka chini ya vitabu nitaandika matokeo.