Nauli ya Mombasa na ile ya Diani

Kila Disemba watu wanalia nauli ya ndege kutoka Nairobi kwenda Pwani imepanda, sawa, lakini mimi nakumbuka kabla Jambojet, lile shirika la ndege la bei nafuu, haijaanza Aprili 2014 hali ilikuwaje. Walipoingia na tiketi ya shilingi 2,850 kwenda Mombasa, ghafla hata wenzangu na mie tuliozoea kukesha kwenye basi tukaanza kuuliza habari za airport, na wapinzani ikabidi washushe bei watake wasitake. Halafu Mei 2017 SGR, treni ya reli mpya ya Nairobi–Mombasa, ikaanza na tiketi ya 700, basi ndege ikawa inapigania abiria na treni pia.

Ila Diani, kule ufukweni kusini mwa Mombasa, ni kesi nyingine kabisa. Kiwanja chake cha ndege cha Ukunda kina njia fupi ya kurukia, jeti kubwa haitui pale, kwa hiyo utaona zile za mapangaboi tu, Dash 8 yenye viti kama 78 hivi au vile vidogo vya Caravan vinavyobeba watu kumi na kidogo. Sasa hata mashirika yakiwa mengi viti vitatoka wapi? Shule zikifunga zile tiketi za bei ya chini zinaisha mapema sana na zinazobaki ni za kukamua mtu.

Mie siku hizi nalinganisha na kushukia Mombasa, nipite barabara ya Dongo Kundu na teksi hadi Diani, mkiwa wanne mkichanga inalipa. Ukiwa peke yako, aah, hapo panda treni tu bwana.