Bruda, upadre lini?

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko jina langu. Mwanzoni lilinichoma. Nilikuwa nimetoka unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya utawa, nadhiri za ufukara, useja na utii bado mbichi mdomoni, na kila Misa ikiisha kuna mama mmoja ananishika mkono: “Imebaki miaka mingapi, mwanangu?” Nikimwambia mimi ni bruda, mtawa asiye padre, si frateri anayesomea upadre, ananitazama kama mtoto aliyefeli mtihani. “Usikate tamaa, utafaulu tu.”

Nikawa nahubiri. Kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965, ulishasema maisha ya watawa wasio mapadre ni wito kamili wenyewe. Kwamba hakuna nadhiri nusu. Mama anaitikia kwa kichwa, kisha: “Sawa, lakini siku moja...” Ukweli ni kwamba nilikuwa najitetea kwa sababu mwenyewe sikuwa na hakika. Siku za upadirisho, wenzangu wa unovisi wakiingia kwa maandamano na mavazi meupe, mimi niko nyuma ya nguzo nahangaika na waya wa kipaza sauti. Kijiwivu kilikuwepo, nisidanganye.

Kisha nikapangiwa kuhudumia wagonjwa. Usiku mmoja mzee aliyekuwa ukingoni aliniomba nimwungamishe. Nikamwambia siwezi, padre nimeshampigia, yuko njiani. “Basi kaa,” akasema. “Yeye nitampa dhambi zangu. Wewe nataka nikuambie habari za wanangu.” Akanisimulia mmoja baada ya mwingine, hata yule asiyesemeshana naye. Padre alipofika nilitoka, nikasimama nje ya mlango na beseni mkononi. Alipomaliza nikarudi, nikambadilishia mzee shuka. Sikuona kama nimepungukiwa na kitu.

Baada ya hapo ndipo nilipomwelewa Konrad wa Parzham, bruda wa shirika la Wakapuchini aliyekuwa bawabu wa konventi, nyumba ya watawa, ya Altötting, Ujerumani, kwa zaidi ya miaka 40. Kufungua mlango tu! Mwaka 1934 akatangazwa mtakatifu.

Useja, ambao watu hupenda kuuulizia kwa kunong’ona, sio unaonitoa jasho sana. Utii ndio. Unaizoea karakana, unajua kila msumari ulipo, barua inakuja: hama. Na ufukara una vichekesho vyake. Mtu mzima mwenye mvi unasimama mbele ya mtunza fedha kueleza kwa nini viatu vimekwisha mapema.

Tangu 2022, kwa idhini ya Vatikano, bruda anaweza hata kuwa mkuu katika shirika la kipadre, lile ambalo kwa kawaida huongozwa na mapadre. Mimi hapana, vikao vinanisinzisha.

Juzi yule mama kaniuliza tena. “Nilishafika, mama,” nikamjibu. Akacheka, akatafakari kidogo, kisha akasema kiti cha magurudumu cha mumewe kinavuta upande mmoja, je, naweza kukitazama? Nikapiga magoti palepale mlangoni pa kanisa. Nati ilikuwa imelegea.