Umesogea? Au Umesogea Wapi?

Nilipokuwa nasoma Ujerumani, dada mmoja Mkenya aliyekuwa akifanya shahada ya uzamivu alitafuta watu wa kujitolea kupimwa. Alitaka kujua mwendo uwe mdogo kiasi gani ndipo binadamu aanze kuuhisi. Nilikubali upesi, kwa sababu mama alikuwa ameanza kusumbuliwa na kizunguzungu na nilitaka kuyaelewa hayo mambo ya sikio la ndani, ambalo ndilo hutusaidia kuhisi mwendo na kutunza mizani ya mwili.

Chumba kilikuwa giza totoro. Nilifungwa mikanda kitini, kichwa kikabanwa kwa sponji, nikavalishwa hedifoni zenye mvumo wa kuzima sauti ya mota. Swali la kwanza lilikuwa: umesogea au hukusogea? Nilijibu kwa kujiamini, hata kiti kilipozunguka kidogo mno. Ila kila mota ilipoanza, mtetemo mwembamba ulipanda kutoka makalioni hadi katikati ya mabega. Sikuhisi kwenda popote. Nilihisi mashine imeamka.

"Dada, hiki kiti kinatetemeka," nilimwambia taa zilipowashwa.

Akaacha kuandika. "Sasa wewe unajuaje kwamba kimeenda?"

"Mgongo ndio unaoniambia."

Mara iliyofuata akabadilisha swali: kushoto au kulia? Kusema sijui hakukuruhusiwa, usipojua, bahatisha. Hapo mtetemo haukunifaa kitu, kwani ulikuwa uleule pande zote. Nikipatia mara 3 mfululizo, kompyuta inapunguza mwendo; nikikosa mara 1, inauongeza, hadi inatulia pale mtu anapopatia takriban 79 kwa 100. Na kuna nyakati ningeapa kiti kimesimama, nikabonyeza kushoto hivi hivi tu, kumbe nimepatia! Kwa swali la kwanza ningesema "hapana", na ushahidi huo ungepotea wote.

Alinionyesha matokeo. Yale ya awali yalinifanya nionekane mwenye sikio la ajabu. Haya ya pili yalikuwa ya mtu wa kawaida. Tulipojaribu mizunguko inayoongeza kasi polepole, nikahitaji kasi kubwa zaidi ndipo nitambue upande. Hilo halikumshangaza: mifereji ya sikio la ndani huitikia mabadiliko ya kasi, jambo ambalo mwanafizikia Ernst Mach alishaliandika mwaka 1875.

Mimi nilikuwa namfikiria mama. Mgonjwa aliyeharibika masikio ya ndani yote mawili angeweza kufaulu kipimo cha kwanza kwa mgongo wake, akaambiwa ni mzima, akarudi nyumbani na kuendelea kuanguka. Nilimwambia dada hivyo, naye akanyamaza, akichora kitu kwenye daftari.

Aliponiita tena, alikuwa amefunga kimota kidogo chini ya kiti, kitetemeshe hata kiti kisipokwenda popote. Akarudia swali la kwanza. Zile "ndiyo" zangu za harakaharaka zikapungua sana, na matokeo yakasogelea yale ya kushoto na kulia. Jioni ile nilimpigia mama simu, nikamuuliza daktari alimpima vipi.