Wazo naliokota kwenye uzi: uzoefu wangu wa kufuma kila siku

Mimi ni msanii wa nyuzi. Nafuma, nasokota, natia rangi, na mara nyingine nafumua nilichokifuma jana ili nione nyuzi zimekaaje ndani. Swali ninaloulizwa kuliko yote si la ufundi. Watu wakishaitazama kazi iliyotundikwa ukutani, wakaigusa kwa ncha ya kidole, huuliza: "Wazo hili umelitoa wapi?" Nimeona nilijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lenyewe ndilo lililoniwezesha kufanya kazi hii kila siku bila kukaukiwa, nikiwa na majukumu mengine kama mtu yeyote.

Wazo nalitoa kwenye uzi wenyewe. Siketi chini nikiwa na picha kamili kichwani. Nachukua nyenzo, naijaribu kwa kipande kidogo, na kile inachokifanya ndicho kinachonielekeza pa kwenda. Kipande cha majaribio kwangu si maandalizi ya kazi. Hapo ndipo ubunifu wenyewe unapofanyika.

Ninacho kifremu cha mbao, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kimepigwa misumari midogo juu na chini. Jioni, kazi nyingine zikiisha, nakifunga mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokazwa kwanza. Ni kazi inayotaka subira: kila uzi ukazwe sawa na mwenzake, maana mmoja ukilegea kitambaa kitavimba hapo na hakuna namna ya kukisawazisha baadaye. Lakini haihitaji kubuni chochote, na kwa hiyo akili iliyochoka inaimudu vizuri. Asubuhi nikikaa nakuta nyuzi zimenyooka, zinangoja mshindio tu, ule uzi unaopitishwa kati yake kwa upana. Mkono unaanza kabla kichwa hakijapata nafasi ya kusitasita. Hata nikiwa na nusu saa tu kabla ya kutoka, nusu saa hiyo yote inaingia kwenye kufuma.

Njia hii sikuibuni mimi. Sheila Hicks, msanii wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1934 na kuishi Paris kwa miaka mingi, amekuwa akifuma vipande vidogo kwenye fremu ya kubebeka tangu miaka ya 1950. Ana kazi nyingine kubwa zinazojaza ukumbi mzima, lakini vile vidogo hakuviacha hata baada ya kupata jina. Humo amewahi kuingiza manyoya ya ndege, makombe ya baharini, hata kamba za viatu. Nilipoviona kwa mara ya kwanza nilitulia kabisa. Nilielewa kuwa msanii mkubwa kiasi hicho bado anauliza swali dogo kila siku, na analiuliza kwa vidole.

Maswali yangu ni ya namna hiyo hiyo. Itakuwaje uzi mnene ukikutana na mwembamba? Itakuwaje nikiruka nyuzi tatu badala ya moja? Siku moja nilifuma mistari ya kupokezana, ya sufu na ya kitani, kwenye mtande wa pamba. Kikiwa bado kwenye fremu, kipande kilikuwa bapa, cha kawaida kabisa. Nikakitoa, nikakiosha kwa maji ya moto yenye sabuni, nikikisugua kwa viganja. Unywele wa sufu una magamba madogo juu yake. Ukipata joto, maji na msuguano, magamba hayo yanashikana na sufu inajikunyata isirudi tena. Kitani hakina magamba. Kwa hiyo mistari ya sufu ilijivuta ikawa mizito na myororo, na mistari ya kitani, ambayo sasa haikuwa na nafasi ya kulala, ikainuka juu kama matuta ya shamba. Kilichokuwa bapa kikawa na mabonde na vilima, na nikikielekeza kwenye mwanga wa pembeni kila tuta lilitupa kivuli chake.

Kipande kile kilinipa kazi ya miezi. Nilibadilisha upana wa mistari, nikajaribu matuta yanayokutana kwa pembe, nikajaribu rangi moja tu ili kivuli ndicho kifanye kazi ya rangi. Naamini hata mchora ramani asingenipa mandhari ile, kwa sababu haikutoka kwenye mandhari yoyote. Ilitoka kwenye tabia ya unywele wa kondoo na tabia ya mmea wa kitani, vilipolazimishwa kukaa kitambaa kimoja.

Rangi nayo ina mambo yake, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopapenda zaidi.

Nili, ile rangi ya buluu ya mmea, haiyeyuki kwenye maji. Ukiimimina tu ndani ya ndoo itakaa kama vumbi la buluu, wala haitaushika uzi. Lazima kwanza ipunguzwe oksijeni ndani ya maji ya alkali. Ninapotia rangi pamba natumia sehemu moja ya nili, mbili za chokaa na tatu za sukari ya matunda: chokaa inaleta ualkali, sukari inaiondolea nili oksijeni. Natia maji ya moto, nakoroga taratibu, naacha itulie. Ikiwa tayari, juu panakuwa na povu la buluu na utando unaong'aa kama shaba, na chini yake maji ni ya manjano yenye ukijani. Pamba iliyoloweshwa vizuri naishusha polepole, bila kurusha maji, kwa sababu kila kiputo cha hewa kinarudisha oksijeni ndani. Baada ya dakika chache naitoa. Inatoka kijani! Halafu mbele ya macho yako, hewa inapoigusa, kijani kinaanza kukimbia kutoka kwenye kingo kuelekea katikati na buluu inaingia mahali pake. Nimeliona jambo hili miaka mingi na bado naacha kila kitu nikalitazama.

Buluu iliyokolea haipatikani kwa kuacha uzi humo muda mrefu. Inapatikana kwa kuchovya, kutoa, kuacha upumue, kisha kuchovya tena. Hapo ndipo nilipopata moja ya kazi ninazozipenda. Nilichukua fungu refu la nyuzi za mtande, nikalichovya lote mara moja, kisha kila mara nikalishusha pungufu kidogo, hadi upande mmoja ukawa na tabaka nyingi za nili na mwingine ukabaki na moja. Kitambaa kilipofumwa kilionekana kama kinazama. Kina hicho hakikuchorwa na mtu. Ni hesabu tu ya michovyo.

Kwa sufu mambo ni tofauti. Rangi nyingi za mimea zinahitaji kishikizo, yaani kitu cha kuifanya rangi iushike uzi, na mimi natumia shabu, chumvi nyeupe ya madini, gramu 12 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Sufu ni protini na inaipokea shabu kwa urahisi. Pamba ni selulosi, ni ngumu zaidi, na huwa naipitisha kwanza kwenye tanini, ule ukakasi wa magome na majani. Maganda ya vitunguu yatakupa dhahabu na kahawia nyekundu. Ukitia chembe ya chuma, dhahabu ile ile inageuka zeituni ya kiza. Chuma kikizidi kinaufanya unywele wa sufu kuwa mkavu na dhaifu, kwa hiyo kitumike kwa kipimo.

Siwadharau wanaotumia rangi za viwandani. Nami nazitumia ninapotaka rangi isiyo na mmea wake. Zina historia inayonigusa pia: mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akabaki na masalia meusi yaliyotoa rangi ya zambarau. Angeweza kuyamwaga akaosha chupa. Badala yake akayajaribu kwenye hariri, na kutoka hapo kikaanza kiwanda kizima cha rangi. Namheshimu sana kwa lile jaribio la hariri.

Je, sitoki nje? Natoka, tena sana. Ila kamera naiacha mfukoni. Nikiona rangi zilizonikamata, ukuta uliobambuka au mbingu baada ya mvua, nikifika mezani nachukua ukanda wa kadibodi nikauzungushia nyuzi kwa uwiano wa nilichokiona: kijivu kingi, ukanda mwembamba wa waridi, uzi mmoja wa manjano. Kuzungusha nyuzi kunalazimisha kupima. Machweo ambayo kichwani ni mekundu, ukiyapima kwa nyuzi unakuta wekundu ni kidogo sana, na kwamba unawaka kwa sababu ya kijivu kilichouzunguka. Kanda hizo za kadibodi zinanifaa kuliko picha, maana tayari zimo katika lugha ya kazi yangu.

Na ninapotazama kitu, najiuliza kimejengwaje. Gome la mti lililopasuka halinipi picha ya gome. Linanionyesha kwamba tabaka la nje halitanuki sawa na la ndani, na hilo naweza kulifuma: tabaka mbili, moja ya uzi unaojikunyata, nyingine ya uzi usiobadilika.

Wasanii waliotangulia wamenifundisha hasa kuhusu mipaka. Mfumaji Anni Albers alijiunga na Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, mwaka 1922. Kufuma hakukuwa chaguo lake la kwanza, lakini akakuingia kwa akili yake yote. Kazi yake ya kuhitimu ilikuwa kitambaa cha ukuta wa ukumbi, cha pamba na selofeni, ule utando mwembamba unaong'aa wa kufungia vitu: upande mmoja unameza mwangwi, mwingine unarudisha mwanga. Tatizo la sauti likazaa uzuri. Baadaye, akiwa Marekani, aliwapa wanafunzi wake vitu vya kuokota, hata punje za mahindi, wajifunze mguso na sura ya nyenzo. Mwaka 1949 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake. Hakuna mfumaji aliyekuwa amepewa heshima hiyo hapo kabla.

Magdalena Abakanowicz wa Poland naye alizifumua kamba kuukuu za meli, akazitia rangi, akafuma maumbo makubwa ya mkonge ambayo mtu anaweza kuingia ndani. Kutoka kwake nilijifunza kuheshimu uzi uliokwisha kufanya kazi nyingine. Siku hizi nguo zilizochakaa nazikata vipande virefu nikavifanya mshindio. Fulana iliyofuliwa miaka mingi ina rangi ambayo hakuna beseni la rangi litakalonipa, na sehemu za mabegani, zilizopigwa jua, zimepauka tofauti na za kwapani. Nikizifuma kwa mpangilio wa ukataji wake, kitambaa kipya kinabeba ramani ya mwili wa aliyeivaa. Rafiki yangu aliniletea mashati ya marehemu baba yake. Kazi ile niliifanya polepole kuliko zote, na niliacha vifungo viwili vya shati mahali pake.

Zipo siku ambazo mkono ni mzito. Siku hizo sibuni. Nazungusha uzi kuwa madonge, napanga rangi upya kwenye rafu, nasokota. Kusokota kunatuliza pumzi, na mara nyingi rangi mbili zinazokutana kwa bahati kwenye rafu ndizo ninazozifunga kwenye kifremu jioni ile. Mwili pia nautunza: nanyoosha viganja, nashusha mabega, na sifumi uzi mweusi usiku hata kama tarehe ya maonyesho imekaribia. Macho sina ya akiba.

Limebaki jambo la kutoka kwenye kipande kidogo kwenda kwenye kazi kubwa, ambalo wanaoanza huniuliza mara kwa mara. Kila kipande nakifungia kikaratasi: uzi gani, nyuzi ngapi kwa sentimita, kiliingia majini na urefu gani na kikatoka na upi. Tuseme kipande cha sentimita 20 kimerudi kwenye 17. Kimepoteza asilimia 15. Nikitaka kazi iliyokamilika ya mita 2, lazima nifume kama mita 2.35, na mtande uwe mrefu zaidi ya hapo kwa ajili ya kufunga na mabaki ya mwisho. Kisha kuna uzito. Kitambaa kidogo hujishika chenyewe; kikubwa kikitundikwa kinavutwa chini na uzito wake, na matuta yaliyosimama vizuri kwenye kipande cha kiganjani hulala. Ndiyo maana kati ya kidogo na kikubwa nafuma cha tatu, upana mdogo lakini urefu kamili, nakitundika wiki nzima, ndipo naamua kama mtande uwe wa uzi maradufu.